Amana ya Wazazi Walio Mikononi mwa Wengine



Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hawapendi kulitaja. Wako wazee wa Kiislamu ambao leo hawalelewi na watoto wao, bali hulelewa na watu wa kulipwa. Baadhi yao wamo katika nyumba za wazee za Serikali, kama zile za Sebleni na Welezo huko Unguja. Wengine, hasa wazazi wa ndugu zetu waliohamia Uingereza na Marekani, wamo katika nyumba ambazo wauguzi hupokezana zamu usiku na mchana. Na wako waliomo majumbani mwao wenyewe, Mombasa au Dar es Salaam, mikononi mwa mtumishi wa mshahara, na watoto wako mbali.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Yako maradhi yanayozishinda nguvu za jamaa, na ziko dhiki za maisha ambazo Mwenyezi Mungu ndiye azijuaye. Lakini katika Surat Bani Israil, aya ya 23 na ya 24, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwafanyia wema wazazi wetu wafikapo uzeeni, akatukataza hata lile neno dogo la kuonyesha kwamba tumechoshwa nao. Amri hiyo haitoki shingoni kwa kulipa ada ya kila mwezi. Aliyeajiri mchunga angali ni mwenye kundi, na ataulizwa. Zamani kazi yake ilikuwa kulisha na kuosha. Sasa imekuwa kuhakikisha kwamba mzazi wake analishwa na anaoshwa.

Na hapa ndipo aibu inapotuponza. Mtu huona haya kwamba mama yake yuko katika nyumba ya wazee, basi haendi ila mara chache, na akienda hukaa robo saa barazani, kisha huaga. Mzee naye hasemi, kwa kuwa ajua kwamba mwanawe akiondoka, yeye atabaki na watu wale wale. Ukimwuliza hali atakujibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Kwa hivyo usiutegemee ulimi wake peke yake. Zitazame dalili.

Dalili ya kwanza iko katika ngozi. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani sharti ageuzwe mara kwa mara, na desturi ya wauguzi wengi ni kila baada ya saa 2 hivi. Akiachwa alale upande mmoja, damu haipiti vizuri pale alipolalia, na nyama huanza kufa. Tazama visigino, nyonga, na chini ya mgongo. Vitabu vingi husema tafuta wekundu usioondoka ukibonyezwa kwa kidole. Lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Basi tafuta mahali palipozidi weusi au palipoingia rangi ya zambarau, penye joto, pagumu au palipolainika kupita kiasi, au panapomwuma akiguswa. Si kila kidonda hutokana na uzembe, lakini kila kidonda kinahitaji maelezo.

Dalili ya pili ni maji na chakula. Katika uzee kiu hupungua, na mzee aweza kukaukiwa bila ya kuomba maji. Midomo iliyokauka, mkojo wa rangi nzito, na kuchanganyikiwa kwa ghafula ni katika alama zake. Tena uliza uzito wake. Mtu wa kilo 60 akipungua kilo 3 kwa mwezi mmoja bila ya kukusudia, hilo ni jambo la kumwitia daktari. Nenda wakati wa chakula, uone: je, sahani huwekwa mbele ya mtu mwenye mikono ya kutetemeka, kisha ikaondolewa vile vile ilivyokuja?

Ya tatu ni alama za mwilini. Ngozi ya mzee huvilia damu upesi, na Surat Al-Hujurat, aya ya 6, imetufundisha kuhakikisha habari kabla ya kumdhuru mtu kwa ujinga. Basi usikimbilie kushutumu. Lakini ukiona alama za vidole mikononi, au duara vifundoni kama za kufungwa, na kila unayemwuliza akakupa kisa chake mbali, hapo yafaa kushika kalamu na karatasi.

Ya nne ni usingizi usio wa kawaida. Mzee aliyekuwa akizungumza, sasa kila ukienda amesinzia, kidevu kifuani. Uliza dawa gani anapewa, nani aliyeiandika, na kwa maradhi gani. Tangu mwaka 2005 wakuu wa dawa wa Marekani wametoa onyo kwamba baadhi ya dawa za kutibu wazimu huzidisha hatari ya kufa kwa wazee wenye maradhi ya kusahau. Na sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1987 yampa mkaazi wa nyumba hizi haki ya kutofungwa, wala kulewezwa kwa dawa, kwa ajili ya kumwadhibu au kuwapunguzia wafanyakazi taabu.

Ya tano twaitaja sisi Waislamu, nayo ni sala. Mzee aliyesali miaka 60, akiacha ghafula, usiseme tu kwamba akili imechoka. Mwulize kwa upole, "Maji ya kutawadhia wakuletea nani?" Pengine jibu litakuwa kwamba hushinda katika nguo yenye najisi tangu alfajiri hata adhuhuri, naye aona haya kusimama mbele ya Mola wake katika hali ile. Au bibi mwenye kujistiri huoshwa na mwanamume, wala hakuulizwa. Au nyama huletwa bila ya mtu kujali ni halali au si halali. Sala tano humwonyesha mtoto mwenye akili namna mzazi wake anavyohudumiwa mchana kutwa.

Basi tufanyeje? Kwanza, twende mara nyingi, na kwa nyakati mbalimbali. Yapokewa kwamba Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amwie radhi, hakuridhika na habari za kuletewa, bali alitembea mwenyewe Madina usiku kuangalia hali za watu. Nasi twende jioni, twende siku ya mapumziko ambapo wafanyakazi ni wachache, bila ya kutoa habari. Tusikilize kengele ya kuitia ikilia: yachukua muda gani kabla ya mtu kuja?

Pili, tuandike. Tarehe, saa, tuliloliona, na jina la tuliyesema naye. Tumwendee mkuu wa nyumba kwa adabu, na malalamiko yetu tuyatie katika barua, nakala tubaki nayo. Asipotengeneza, tupande juu. Hapa kwetu iko ofisi ya ustawi wa jamii. Huko England iko Care Quality Commission, iliyoanza kazi mwaka 2009, ambayo hukagua nyumba hizi na kutangaza ripoti zake. Na ripoti hiyo yapasa kusomwa kabla ya mzee kuingizwa. Lakini ikiwa uhai umo hatarini, usingoje barua. Ita daktari, ita polisi.

Tatu, tuwashukuru wanaofanya vyema. Muuguzi anayemgeuza mama yako saa nane ya usiku, wala hapana amwonaye ila Mungu, anastahili neno jema na dua.

Na nyinyi vijana, msiseme kwamba hii ni kazi ya baba na shangazi. Bibi asiyetaka kumtia wasiwasi mwanawe huenda akamwambia mjukuu wake yale aliyoyaficha. Keti naye, mshike mkono, mkate kucha, mpake mafuta miguuni; na katika kumpaka utakiona kisigino chake.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo, na asitujaalie katika wenye kuhini amana. Amin.