Ukinunua mashine kuukuu, hesabu na mwili wako

Watu wa Nairobi na Mombasa wanapozungumza juu ya chombo kuukuu cha kwendea kazini huwa wana maana ya gari: lile dogo lililotoka Japani, likapita mikononi mwa wenyewe wawili watatu, na sasa linauzwa kwa bei ambayo mwalimu au karani anaweza kuimudu. Wiyoni, mtaa wa mji wa Lamu, mambo ni mengine. Vichochoro vya mji huo, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, vilijengwa kwa ajili ya miguu na punda. Anayeishi Wiyoni na kufanya kazi Mokowe, yaliko makao ya serikali ya kaunti, au mbele zaidi Hindi na Mpeketoni, hana budi kuvuka maji asubuhi na jioni. Gari lake kuukuu, basi, ni boti yenye mashine ya mtumba.

Aghalabu watu watatu au wanne hushirikiana. Huhesabu nauli wanayotoa kila siku, wakalinganisha na bei ya mashine iliyokwisha tumika, wakaona kwamba baada ya miezi kadhaa itakuwa imejilipa. Mimi siwalaumu. Mshahara ni mdogo, na kununua kitu kilichotumika si aibu wala si ujinga. Ninalosema ni kwamba hesabu hiyo ina upungufu mkubwa. Ndani yake mna bei, petroli na oili, lakini hamna mwili wa mtu atakayekaa karibu na mashine hiyo kila siku ya kazi.

Tuseme safari ni dakika 20 kwenda na dakika 20 kurudi, siku 6 kwa juma. Hizo ni saa 4 kila juma, na kwa mwaka zinakaribia saa 200. Hakuna dawa ambayo daktari angekupa kwa saa 200 bila kukueleza madhara yake. Basi na tuyaangalie madhara ya mashine kuukuu.

Masikio

Wataalamu wa afya ya kazini husema kwamba sikio laweza kustahimili kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kelele ikiongezeka kwa desibeli 3 tu, muda huo hupungua kwa nusu. Ikifika desibeli 97, muda wa salama ni nusu saa, yaani pungufu ya zile dakika zako 40. Mashine ya zamani iliyolegea, ambayo mwenyewe ameitoa kifuniko "ipate hewa", yaweza kufika huko bila shida, na anayeishika usukani ndiye aliye karibu nayo kuliko wote.

Huna haja ya kipimo. Ukilazimika kupaza sauti ili usikike na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, kelele hiyo inadhuru. Ukishuka gatini na masikio yanavuma kwa muda, umekwisha kuonywa. Vinyweleo vidogo vilivyomo ndani ya sikio vikifa havioti tena, na hakuna tone wala kidonge kitakachovirudisha. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kutambua. Mkewe hulalamika kwamba redio imepazwa mno, na watoto huona baba amekuwa mkali kwa kuwa kila neno analisema kwa kelele.

Kifuniko kirudishwe mahali pake na misumari iliyolegea ikazwe. Nahodha avae vizibo vya masikio vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa. Pamba ya kawaida haizuii kitu.

Moshi

Mashine za zamani zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli hutoa moshi mwingi, na sehemu ya petroli hutoka bila kuungua. Ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushika chembechembe nyekundu za damu na kuzinyima nafasi ya kubeba hewa safi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Msomaji wa pwani ataona mara moja hatari iko wapi: dalili hizo hizo ndizo za kulewa na bahari. Abiria hupewa ndimu anuse, kumbe anavuta sumu. Ikiwa kichwa kinakuuma hata siku ambayo bahari imetulia kama mafuta, na maumivu yanaisha baada ya kukaa nchi kavu kwa muda, ushuku moshi. Hatari huzidi pale upepo unapotoka nyuma na boti ina turubai, kwa kuwa moshi huvutwa ukarudi chini ya turubai na kukaa pale pale walipo abiria. Mama mjamzito asikae karibu na mashine hata kidogo, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu zaidi na kukawia kuiachia.

Plagi chafu na oili iliyozidishwa huongeza moshi. Kuna wanaoamini kwamba mashine kuukuu hupona kwa kunyweshwa oili nyingi. Fuata kipimo cha waliotengeneza mashine. Ukizidisha, plagi zitachafuka, nawe utaununua moshi kwa fedha zako mwenyewe.

Mgongo

Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, boti nyepesi yenye mwendo wa kasi hupanda wimbi na kuanguka kwa kishindo. Anayekaa mbele ndiye anayerushwa juu zaidi, na pingili za chini za uti wa mgongo zaweza kubonyezwa hadi zikavunjika, hasa kwa wazee na kwa wanawake waliokoma hedhi. Wazee, wajawazito na wenye maumivu ya mgongo wakae katikati kuelekea nyuma, mbali na moshi, juu ya kitu laini, miguu ikikanyaga chini imara. Nahodha naye apunguze mwendo. Dakika 5 za kuchelewa zina nafuu kuliko miezi ya kulala chali.

Petroli nyumbani

Mwenye mashine huwa na petroli nyumbani, na hapa wanaoumia ni watoto. Petroli isitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimnyweshe maziwa kama wengi wafanyavyo. Kinachoua ni petroli kuingia mapafuni, na kutapika huipa njia ya pili ya kufika huko. Mpeleke hospitali upesi, hata kama anaonekana mzima, kwa maana kikohozi na kuhema huweza kuanza saa kadhaa baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo usivute petroli kwa mdomo kupitia mpira. Pampu ya mkono ipo. Wala usinawe mikono kwa petroli baada ya kugusa grisi. Inakausha ngozi hadi ikapasuka, na ndani yake mna benzeni, ambayo hudhuru uboho na huweza kuleta saratani ya damu. Sabuni na maji vyatosha.

Fungu la matengenezo

Sasa nije kwenye rai yangu. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini si lazima iwe hivyo. Rahisi huwa ghali pale mnunuzi anapomaliza akiba yote siku ya kununua. Kwa mfano tu, ikiwa mmechanga shilingi 100,000, msinunue mashine ya 100,000. Tafuteni ya 70,000, na zile 30,000 ziwe za plagi, pampu ya maji, mpira wa petroli na jaketi za kuokoa maisha. Msipoweza kupata iliyo nzima kwa bei hiyo, basi subirini, muendelee kulipa nauli. Mashine ambayo huwezi kuitunza hujaimudu.

Siku ya kununua, nendeni na fundi wenu, asiwe rafiki wa muuzaji. Iguseni mashine kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, muulizeni muuzaji kwa nini aliiwasha kabla ya nyinyi kufika. Ikisha waka, itazameni ile michirizi ya maji ya kupozea kama inatoka kwa nguvu. Fungueni oili ya gia mwone rangi yake. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia.

Baada ya safari za siku, mashine ioshwe ndani kwa maji yasiyo na chumvi. Najua maji matamu ya Lamu, yatokayo vilima vya mchanga vya Shela, si ya kuchezea. Lakini pipa moja la maji, mguu wa mashine ukatumbukizwa humo na mashine ikawashwa kwa dakika chache, laweza kutumika zaidi ya mara moja. Chumvi ikiziba njia za maji, mashine hupata joto na kufa, na haichagui mahali pa kufia.

Hapo ndipo matengenezo yanapokuwa suala la uhai. Boti isiyo na mashine huchukuliwa na mkondo, ikageuzwa ubavu kwa wimbi. Mnamo Agosti 2017 boti ilipinduka katika maji ya Lamu, na watu wengi wa jamaa moja wakafa. Kujua kuogelea hakutoshi. Mwanamke aliyevaa buibui lililolowa, au mwanamume aliyejigonga kichwa, hawezi kutegemea mikono yake. Jaketi huvaliwa. Inasikitisha kuona zikikaliwa kama mito, na nyingine zimehifadhiwa mbele "zisichafuke". Na mtoto apewe ya kipimo chake.

Wako wanaoona ukaguzi wa Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, kuwa ni usumbufu. Mimi naona ni sawa na kupimwa shinikizo la damu: hukupendezi, lakini huonyesha tatizo kabla halijakuangusha. Waajiri nao wasijitoe. Ofisi inayojua kwamba watumishi wake huvuka bahari kila siku haina udhuru wa kutowanunulia jaketi, wala wa kutowapima masikio mara moja kwa mwaka.

Na wewe wa Rongai au Kitengela unayeamka alfajiri na gari lako kuukuu, usicheke. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini likisha ingia laweza kukaa barabarani miaka 20 na zaidi. Bomba la moshi lililotoboka chini ya gari huingiza gesi ile ile niliyoitaja, huku umefunga madirisha kwa ajili ya baridi na msongamano hauendi. Kichwa kikikuuma kila asubuhi ndani ya gari, mpeleke fundi alitazame bomba kabla hujanunua dawa ya maumivu. Kabla ya redio mpya, badili magurudumu yaliyokwisha na mikanda iliyokatika. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa dereva na abiria wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50. Ni vifaa vichache vyenye faida kama hiyo kwa bei hiyo.

Kesho asubuhi basi, kabla ya kuwasha, fanya mambo matatu: tazama kama kifuniko kimefungwa, tazama mpira wa petroli kama hauvuji, na uhesabu jaketi ulinganishe na vichwa. Zikipungua, yupo asiyepaswa kupanda safari hiyo. Hadi juma lijalo, nakutakia safari njema na afya njema.