Risasi gani ya kujilinda? Tuulize kwanza itasimama wapi

Kuna vijana hapa Nairobi ambao hawajawahi kugusa bastola hata siku moja, lakini watakutajia aina za risasi kama wanavyotaja kikosi cha Arsenal. Wamezijua kwenye PUBG, kwenye Call of Duty, na kwenye zile video ambapo jamaa mwenye ndevu anapiga tikitimaji shambani kwake, tikitimaji linapasuka, naye anageukia kamera na kutangaza mshindi. Basi visa vya wizi vikizidi mjini na mtu akauliza kwa nini raia wa kawaida asipewe leseni ya bastola, hazipiti dakika kumi kabla mjadala haujafika hapo: risasi gani ni kali zaidi? Ya kawaida ama ile ya tundu?

Swali lenyewe si la kipuuzi. Polisi wa Marekani wameumia kichwa nalo kwa karibu miaka arobaini, na wamelipia majibu kwa maisha ya watu. Ila ukifuatilia walichojifunza, utaona kwamba ukali haukuwasumbua sana. Kilichowasumbua ni mahali risasi inapoishia.

Tueleweshane kidogo. Risasi ya kawaida ya bastola ni kipande cha madini ya risasi (ndiyo, Kiswahili kimetumia neno moja kwa madini na kwa kitu chenyewe) kilichovishwa shaba mbele yote. Ikimpata mtu hubaki na umbo lake, na mara nyingi hutokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu ya kumuumiza mwingine. Ile ya tundu imechimbwa shimo kwenye ncha. Ikiingia mwilini, majimaji hujaa kwenye shimo, ncha inafunguka kama ua, risasi inanenepa na kupoteza kasi. Jeraha linakuwa pana zaidi, lakini risasi haiendi mbali.

Ukiisikia hivyo unaona ni unyama, na ndivyo dunia ilivyoona. Waingereza walitengeneza risasi za kufunguka mwilini miaka ya 1890 katika kiwanda cha Dum Dum, karibu na Kolkata kule India. Kufikia 1899, mkutano wa The Hague ulikuwa umepitisha azimio la kuzikataza vitani. Hata huku kwetu kuna alama yake: Juni 2010, nchi wanachama wa mahakama ya ICC zilikutana Kampala na kukubaliana kwamba kuzitumia ni uhalifu wa kivita hata katika vita vya ndani ya nchi. Awali kosa hilo lilihusu vita kati ya mataifa pekee.

Sasa mbona polisi wa New York wanazibeba kiunoni kila siku?

Turudi Miami, Aprili 11, 1986. Maafisa wanane wa FBI waliziba njia ya gari la wezi wawili wa benki. Mapema kabisa katika ufyatulianaji, mmoja wa wezi alipigwa risasi ya milimita 9, ya tundu. Ilipita mkononi, ikaingia kifuani, ikafunguka vile ilivyotakiwa, kisha ikasimama kama sentimita mbili na nusu kabla ya moyo. Lilikuwa jeraha la kumuua. Lakini halikumuua papo hapo. Aliendelea kupigana kwa dakika kadhaa akiwa na bunduki ndefu, na vumbi lilipotulia maafisa wawili walikuwa wamekufa na watano wamejeruhiwa. Wezi wote wawili waliuawa pia.

Baada ya hapo FBI ilianza kupima risasi kwa jeli ya gelatini iliyotengenezwa ikaribiane na nyama ya mwili. Kipimo chao ni inchi 12 hadi 18, yaani kama sentimita 30 hadi 46. Ikiishia kabla ya hapo, huenda isifike panapomsimamisha mshambulizi. Ikizidi hapo, ina hatari ya kutoka na kumtafuta mtu mwingine. Wanaipima ikipita kwenye nguo nzito, mbao na kioo cha gari, kwa sababu lile tundu likizibwa na kitambaa au unga wa ukuta, risasi inaweza kukataa kufunguka ikaenda kama ya kawaida tu. FBI ilihamia risasi kubwa zaidi kwa miaka mingi, kisha katikati ya miaka ya 2010 ikarudi kwa ile ile milimita 9. Viwanda vilikuwa vimeboresha risasi, na maafisa wengi walikuwa wakilenga vyema zaidi na bastola isiyowarusha mkono.

New York nao walikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1998 polisi wa jiji hilo walitangaza kwamba wanaacha risasi za kawaida na kuchukua za tundu. Kulikuwa na watu waliolalamika kuwa ni ukatili. Lakini risasi za kawaida zilikuwa zikipita kwenye miili ya washukiwa na kuwapata wapita njia, na polisi wenyewe. Katika mji ambao watu wanabanana namna ile, risasi inayobaki ndani ya aliyelengwa ndiyo yenye huruma kidogo. Nakubaliana nao. Risasi inayosikika katili zaidi ndiyo inayomhurumia aliyesimama nyuma.

Hapo ndipo wale wa tikitimaji wangefunga mjadala. Lakini kuna Agosti 24, 2012.

Asubuhi hiyo, mbele ya jengo la Empire State, mwanamume mmoja alikuwa ametoka tu kumuua aliyekuwa mfanyakazi mwenzake. Polisi wawili walimfikia barabarani, akaelekeza bastola, nao wakafyatua risasi 16. Walimuua. Wapita njia tisa walijeruhiwa, na wote tisa ni kwa risasi za polisi au vipande vyake vilivyoruka baada ya kugonga vitu vigumu. Risasi hizo zilikuwa za tundu, zile zile zilizochaguliwa ili kuwalinda wapita njia.

Ukweli ni kwamba tundu husaidia tu ikiwa umempata uliyemlenga. Taasisi ya RAND ilichunguza rekodi za polisi wa New York za 1998 hadi 2006 na kuripoti mwaka 2008 kwamba katika majibizano ya risasi, ni takriban 18 kati ya kila 100 zilizompata mlengwa. Mshukiwa asipojibu kwa risasi, zilifika kama 30. Hao ni watu waliofunzwa, wanaolipwa kubeba bastola. Zilizobaki zilienda kwenye kuta, magari, lami na mahali ambapo hakuna aliyejua.

Sasa chukua hesabu hiyo uilete Nairobi. Mwizi ameingia nganya ya abiria 33 akiwa na bastola, nawe una yako mkobani. Nyuma yake kuna viti vitano vya watu. Ama umeamshwa saa nane usiku Mathare au Mukuru, na kati ya chumba chako na cha jirani kuna bati moja. Hakuna risasi ya bastola inayosimamishwa na bati, iwe na tundu isiwe nalo. Ukiwa Pipeline au Umoja kwenye mawe, tatizo linageuka: jiwe linairudisha, na kwenye ngazi nyembamba za ploti hujui itarudi kwa nani.

Na hatuhitaji kwenda New York kujua risasi isiyo na mwenyewe inavyofanya. Machi 30, 2020, siku chache tu baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 alikuwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, orofa ya tatu, pamoja na familia yake. Polisi walikuwa wakitekeleza kafyu kule chini. Risasi ilimpata akafa, na afisa mmoja akashtakiwa kwa mauaji. Yeye hakuwa barabarani. Alikuwa kwao.

Najua mtakayonijibu: Westgate. Na ni jibu zito. Septemba 21, 2013, wakati vikosi rasmi vilikuwa bado havijajipanga, kati ya walioingia mle mapema ni raia wenye leseni wakiwa pamoja na polisi waliovalia kiraia. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, aliingia na bastola yake kumtafuta ndugu yake na akasaidia kuwatoa watu wengi, picha zake zikazunguka dunia nzima. Sitamwambia yeyote aliyetolewa mle kwamba bastola ya raia haina maana. Lakini kumbuka pia kilichotokea baadaye siku hiyo hiyo: kamanda wa kikosi cha Recce aliuawa kwa risasi za wanajeshi wetu wenyewe waliowadhania kuwa magaidi. Hao ni askari. Raia mwenye bastola mkononi na shati la kawaida mwilini ana nini cha kumtambulisha?

Halafu kuna sheria, ambayo video za Marekani hazikufundishi kwa sababu si ya kwao. Kule, haki ya kumiliki silaha iko kwenye katiba, na zaidi ya nusu ya majimbo yanakuruhusu kubeba bastola bila kibali. Hata hivyo New Jersey inabana sana risasi za tundu kwa raia, polisi wakiziruhusiwa. Katiba yetu ya 2010 haina haki hiyo ya silaha. Cheti cha kumiliki bunduki kinatolewa na Bodi ya Leseni, kinataja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, na kinaweza kuchukuliwa. Wanaobisha waulize wenye leseni waliopangwa foleni na kupigwa msasa upya baada ya agizo la Waziri Fred Matiang'i mwishoni mwa 2018.

Ukishafyatua, mahakama haitakuuliza kama jeli ilionyesha inchi 14. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujitetea kutapimwa kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza: je, uliamini kweli kwamba uko hatarini, na nguvu uliyotumia ililingana na hatari hiyo? Jamaa aliyekunyang'anya simu na sasa anakimbia kuelekea River Road amekupa mgongo. Hatari imeondoka na simu yako. Ukimpiga hapo, kujitetea kunakuwa vigumu mno kueleza, na ukimkosa ukampiga mama wa mboga, hata usianze.

Kwa hivyo nikiulizwa na aliye na leseni tayari, nitamwambia achukue za tundu, azijaribu kwanza uwanjani maana bastola nyingine hukwama nazo, na afanye mazoezi mara nyingi kuliko anavyoonyesha kiuno kwenye klabu. Anayetaka leseni naye ninamwuliza jambo moja tu kabla hatujafika kwa risasi. Chumbani mwako, ukisimama kitandani na kutazama mlango, ukuta wa nyuma ya huo mlango ni wa nini, na nani analala upande ule mwingine? Wengi niliowauliza ilibidi wafikirie kwanza. Mmoja alisema ni mwanafunzi wa Form Two na mama yake.