Kungwi wa Kimeng'enya

Bibi mmoja wa Pumwani ameniuliza kwa nini doa la yai kwenye kanzu ya mumewe limezidi kushika, ilhali ameiloweka kwa sabuni ya unga iliyo bora na maji yaliyochemka. Jawabu laanzia mbali kidogo.

Ndani ya sabuni nyingi za unga mna vimeng'enya, yaani protini zikatazo uchafu. Kikatacho yai na damu huitwa subtilisini, nacho hutolewa na bakteria aina ya basilasi. Protini ni uzi mrefu wa amino asidi, usiofaa kitu mpaka ukunjike umbo lake. Christian Anfinsen wa Marekani alionyesha kuwa protini fulani hujikunja zenyewe, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Subtilisini haina bahati hiyo. Hupenyezwa nje ya seli ingali uzi, na huko hamna ile nishati inayowasaidia wakunjaji wa ndani. Basi huzaliwa na kipande cha mbele, chenye amino asidi 77, kinachoilea mfano wa kungwi na mwari mpaka umbo litimie. Kisha subtilisini humkata kungwi wake na kummaliza. (Wari wetu hawajafikia utovu huo wa shukrani!)

Mlangoni mwa seli, upande wa nje, yuko msaidizi mwingine aitwaye PrsA. Akikosekana, amilasi, kimeng'enya cha kuondolea wanga, hukunjika vibaya na kuliwa na protini walinzi. Akizidishwa, mavuno ya amilasi huweza kuongezeka, na hapo ndipo viwanda hupata faida.

Faida ya vimeng'enya inatuhusu. Vijidudu vya maziwa yetu ya magadi, Bonde la Ufa, vilichukuliwa ng'ambo, na vimeng'enya vyake vikatumika kufifisha rangi ya jinzi. Labda nyingine zimerudi Gikomba kwa mitumba. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilidai fungu la Kenya kwa kampuni ya Genencor. Mimi naliona dai lile kuwa la haki.

Ama kanzu: maji yachemkayo huukunjua uzi wa subtilisini, na kungwi wake alikwisha kitambo, hivyo haurudi umbo lake. Moto huohuo huligandisha yai kwenye nguo. Mara nyingine, bibi, ondoa yai kwa maji baridi kwanza, kisha uloweke kwa maji ya uvuguvugu nusu saa kabla ya kufikicha.