Kuvu halina pasipoti

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Tanzania na Uganda, ikisema yana sumukuvu kupita kiwango. Malori yakakwama mpakani Namanga. Siku chache tu baadaye zuio likaondolewa na masharti yakawekwa: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kuonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti hayo yangetangulia, zuio lisingehitajika.

Watetezi wa amri hiyo watasema afya haingoji mazungumzo, na hoja yao ni nzito. Sumukuvu haiishi kwa kuchemsha ugali, na mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Lakini mahindi yaliyowaua hayakuvuka mpaka wowote. Mengi yalilimwa Makueni na Kitui kwenyewe, yakahifadhiwa yangali na unyevu. Basi kupiga marufuku gunia kwa sababu ya nchi lilikotoka ni kumwadhibu mkulima aliyekausha vizuri pamoja na aliyezembea, huku gunia bovu la nyumbani likipita sokoni bila kuulizwa. (Na marufuku haizuii njia za panya, huko hakuna anayepima chochote.) Kinachopaswa kuzuiwa ni shehena iliyopimwa ikashindwa, iwe ya Mbeya au ya Kitale. Fedha ziende kwenye vipimo mipakani, vikaushio vijijini na maturubai, kabla ya barua nyingine ya marufuku kuandikwa.