Kipimo cha damu chenye kuwaka: siye wa Buluo tutapata nini?

Ba baba wa mu mine na ba mama wa nyumbani, ile TDR ya malaria munaijua wote. Munganga anachoma kidole, anatia tone la damu, kisha dakika 15 ao 20 mustari mwekundu unatokea. Ule wekundu kwa kawaida ni punje za zahabu, ndogo sana, jicho haliwezi kuziona moja moja. Zimebebeshwa kingamwili, wale askari wa damu, wenye kukamata alama ya mdudu wa malaria.

Sasa wenye sayansi wanatumia punje zingine zenye kuwaka chini ya taa. Mashine inapima mwangaza ule, haisemi tu "iko" ao "hakuna", inasema iko kiasi gani. Kwa aina moja ya punje hizo, Bawendi, Brus na Yekimov walipewa Nobel ya shimi mu 2023. (Nyingi zinatengenezwa na kadmiumu, sumu ileile tunayoikimbia mu usini!)

Inatuhusu, kwa sababu malaria si ugonjwa wetu peke. Mu 2009 munganga Célestin Banza wa Université ya Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walitangaza vipimo vya mikojo ya watu wa Katanga. Kobalti waliyoikuta ilipita yote iliyowahi kuandikwa duniani kwa watu wa kawaida. Hawa si wachimbaji tu, ni wale wenye kuishi karibu na mine na usini, watoto ndani yake.

Lakini tusidanganyane. Kipimo cha kuwaka hakihesabu kobalti. Kinatafuta alama ya kiungo kilichoumia. Risasi na kadmiumu zinakula figo polepole, na kreatinini tunayopimwa ku lopitalo inapanda kisha figo limekwisha kupoteza nguvu nyingi. Alama inayoitwa NGAL inapanda mbele. Ila imejaribiwa zaidi kwa wagonjwa ambao figo limeumia ghafula, na vumbi ya miaka 20 ni jambo lingine. Na mapafu yenye silikozi, hayo yanaonekana ku radio. Mwajiri akija na tone la damu ili aache kulipa radio ya kifua, siye wa sendika tutakataa.

Tena kuna swali la karatasi. Tunajua wenzetu waliopimwa kila mwaka bila kusoma matokeo yao hata siku moja. Mashine mpya ikikaa mu ofisi ya mwajiri, itakuwa njia ya kuchagua nani afukuzwe mbele hajaanza kudai matunzo. Tunaomba matokeo yapewe mfanyakazi kwanza, mu mukono wake.

Na mwenye kuchimba peke yake, asiye na bosi? Kodi ya mine ya 2018 inalazimisha kampuni kutoa 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji wa pale. Ba mama wa Buluo waulize ku mikutano ya miradi ile: mashine ya kupima figo, mu centre de santé ya watu wote, iko ku liste ao haiko?