King'ora Kiunoni, Giza Barabarani

Tuongee ukweli, wasee. Kuna kidude kidogo cha kufunga kiunoni: kinahesabu hatua zako, na ukishikwa na hatari unavuta pini kinapiga king'ora cha desibeli 120 hivi. Afya na usalama kwa bei moja. Inakaa poa. Lakini nina swali: kikilia, nani anakuja?

Simama Tom Mboya saa moja jioni. Makanga anaita abiria, nganya imefungulia muziki mpaka vioo vinatetemeka, hoka ana spika, na mahali fulani alamu ya gari inalia na hakuna mtu anageuza shingo. Hapo kidude chako ni kelele moja zaidi. Ukipiga nduru "mwizi!" watu watakimbia, mara nyingine hata kupita kiasi, kwa sababu hilo neno wanalijua. King'ora hakina neno. Hakisemi ni nani wala ni nini.

Na hata wakisikia, shida haijaisha. Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na wanaume kwenye steji hapa tao. Umati ulikuwepo. Kuna hadi mtu alipata nafasi ya kurekodi video. Tarehe 17 mwezi huo wanawake wakatoka Uhuru Park kuandamana, My Dress My Choice. Januari 27, 2024, maelfu wakajaa barabarani kupinga mauaji ya wanawake. Desemba 10 mwaka huo huo wakarudi, na polisi wakawajibu kwa vitoza machozi. Hicho kilikuwa king'ora kikubwa kuliko chochote utakachofunga kiunoni, kimelia mchana, katikati ya mji, na wenye mamlaka walisikia vizuri sana. Kwa hivyo usiniambie shida yetu ni sauti ndogo.

Halafu hiyo hesabu ya hatua. Zile 10,000 zilianzia Japani mwaka 1965, kampuni ikiuza pedomita iliyoitwa manpo-kei. Lilikuwa jina la kuuza bidhaa, si agizo la daktari. Sasa mwambie mama anayetoka Kawangware alfajiri kwenda kufua Lavington, ama fundi anayepiga mguu kutoka Kangemi hadi tao kwa sababu mvua imenyesha na nauli imepanda, ati ajitahidi kufikisha hatua zake. Huyo anatembea kwa sababu mfuko umekataa. Anachohitaji ni njia ya miguu isiyoishia kwa mtaro, na taa inayowaka.

Pesa je? Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera iliyosema asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Mwaka 2022 tukafunguliwa Nairobi Expressway hadi Westlands. Najua hiyo ni ya serikali kuu, lakini angalia nani alipangiwa kwanza: mwenye gari analipa anapita juu, wewe unabaki chini Waiyaki Way ukiruka matope.

Sisemi usinunue. Nunua, kifunge mahali mkono unafika haraka, kijaribu kabla ya kukihitaji. Ongea na soja wa geti, watu wa boda na mama wa kibanda unayempita kila jioni: waijue hiyo sauti, na wajue ikilia wafanye nini. Weka 1195 kwa simu, ile laini ya bure ya dhuluma za kijinsia.

Chenye nakataa ni hii lugha ya "jilinde" ikikaa mahali pa "tutakulinda". Dada akipigwa ngeta kesho, swali la kwanza litakuwa "kwani hukuwa na alamu?", vile tumezoea kuuliza "alikuwa amevaa nini?" Aliyeumizwa ndiye anawekwa kizimbani, na aliyezima taa analala usingizi.

City Hall wakiitisha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, enda. MCA wako akija mtaani, msimamishe. Usiongee juujuu: taja barabara, taja ni nguzo ngapi zimekufa taa, uliza ile asilimia 20 iko wapi. Alafu mwezi ujao muulize tena. Hiyo ndiyo pini ya kuvuta kwanza.