Sungura Hadeki Bila Mdekezaji

Katika ngano tulizosimuliwa utotoni, sungura humshinda fisi, ndovu na hata simba kwa ujanja. Zamani nilicheka sana. Sasa sicheki, maana kwetu Kibera sungura alinishinda mimi, mama na ploti nzima.

Nilimpata mwaka jana kutoka kwa binamu zangu wa Kawangware, nikamwita Mheshimiwa. Jina lilimfaa. Mama huuza mboga karibu na soko la Toi, kwa hivyo jioni hatukosi karoti zilizovunjika. Mheshimiwa alipozionja, nyasi akazipa mgongo. Akaonja mkate, akazidi. Ikifika saa kumi na moja alfajiri, anagonga sakafu kwa miguu ya nyuma, anang'ata waya na kupindua sahani ya bati, kang! kang! Nyumba yetu ni chumba kimoja. Mtoto analia, jirani anagonga mabati, mama anasema, "Mpatie kitu anyamaze!" Nami nampa mkate.

Kumbe kila nikimpa nilikuwa nikimfundisha: gonga sahani, upewe mkate. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na sungura ni vivyo hivyo. Watu husema sungura fulani ana tabia mbaya. Mimi nasema ana mwalimu mbaya, na mwalimu huyo nilikuwa mimi.

Mtauliza, kuna ubaya gani? Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote, na kinachoyapunguza ni kutafuna nyasi. Tumbo lake pia limeumbwa kwa nyasi, kwani nyuzinyuzi zake ndizo zinazoufanya utumbo usisimame. Mkate, chapati na mahindi huchacha tumboni na kuleta gesi, na sungura hawezi kutapika. Hata karoti ina sukari nyingi kwake. Ni peremende tu, si chakula.

Haya sikuyajua mpaka yalipowafika binamu zangu. Sungura wao alizoea chapati. Jumamosi moja jioni akaacha kula kabisa. Wakasema, "Anaringa tu, wachana naye." Jumapili jioni alikuwa amekufa, tumbo limefura kama mpira. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha madaktari wa mifugo pale Kabete, si mbali na kwao, lakini nani atamtafutia daktari mnyama "anayeringa"?

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja. Sungura anayegonga sahani hana neno; anayenyamaza ndiye wa kuhofia. Akipitisha nusu siku bila kula wala kunya, huyo ni mgonjwa, atafutiwe daktari siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana siwaungi mkono wenzangu wanaoniambia, "Mnyime siku mbili, nyasi atakula tu!" Tumbo la sungura halifungi saumu. Kumdekeza ni kosa, lakini kumtesa kwa njaa ni kosa kubwa zaidi.

Basi nilifanyaje? Nilipunguza mkate kidogo kidogo kwa wiki mbili mpaka ukaisha, huku nyasi na maji safi yakiwapo saa zote. Akigonga, sitoi kitu. Nangoja atulie, ndipo nampa mboga kidogo, saa zile zile kila siku. Siku za kwanza aligonga kuliko zamani, hata jirani akatishia kumfanya kitoweo! Nikamwomba radhi, nikavumilia. Kipande cha karoti kama ncha ya kidole gumba nakificha ndani ya nyasi, akitafute mwenyewe. Wiki ya tatu akatulia.

"Na nyasi Kibera ziko wapi?" Swali zuri. Zile za kando ya mitaro zimenywa maji machafu, sizigusi. Mimi huchukua zile tunazofyeka hapa shuleni tukipewa adhabu. Najua mnanicheka kwa gunia langu, lakini nikifika nyumbani nazianika juu ya mabati zikauke vizuri, zisiote ukungu. Kishona nguo pia anakipenda. Ila majani ya mparachichi, ya nyanya na ya viazi ni sumu kwake, tahadharini.

Klabu za 4-K zilifufuliwa nchini mwaka wa 2021. Ombi langu ni kwamba mtoto yeyote anayetaka kufuga sungura, awe klabuni au nyumbani, afundishwe kwanza kumlisha, ndipo apewe sungura. Tena tukumbuke kuwa mtaani mwetu wapo watoto wanaolala bila kula. Mkate ule uliomuumiza Mheshimiwa ungemshibisha mmoja wao.

Leo mama analala mpaka saa kumi na mbili, na Mheshimiwa anatafuna nyasi zake kimya kimya. Ikiwa mheshimiwa wangu ameweza kupunguza tamaa, wengine washindwe wana nini?

Naweka kalamu chini.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu